Bima Hailipii Mkalimani

Tarehe 3 Machi

Leo ni tarehe tatu Machi, na miaka thelathini na moja imetimia tangu nitoke kwetu. Nahesabu kuanzia Machi kwa sababu tuliondoka mwezi huu, mvua ikianza, mimi na mke wangu na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Serikali iliyotufanya tuondoke nayo iliondoka, miaka tisa sasa. Kwa hiyo katika hiyo thelathini na moja, ishirini na miwili nilikuwa mkimbizi. Hii tisa iliyobaki sijui niiteje.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Nimeketi dirishani nikaitazama kama mtu amtazamaye mgeni wa jirani. Mvua ya kwetu ilinusika kabla ya kuonekana. Hii ya huku huanzia kwenye mabati ya gereji iliyo ng'ambo ya barabara, kelele kwanza, harufu baadaye, na harufu yenyewe ni ya oili.

Jioni mdogo wangu amepiga simu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mvua imefika kwenu?"

"Imefika."

"Hapa bado, tunaangalia mawingu tu. Kaka, kuna jambo. Kijana wangu anataka kuoa."

"Jambo jema hilo."

"Jema, ila hana pa kumweka mwenzake. Sasa nikawaza vile vyumba vyako viwili, vya upande wa mashariki. Sikunyang'anyi, kaka. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini lako mimi nimelilinda. Kila mwaka nafungua madirisha, nafagia, nafunga. Nataka neno lako tu. Mvua zikiisha unakuja, au nimpe kijana?"

Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mwaka. Nikasema mimi ningekuja hata kesho. Shida ni shemeji yake, bado hayuko tayari.

"Aa," akasema. "Shemeji." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. "Basi zungumzeni. Nitasubiri mvua ziishe."

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo alizozianua. Akaliweka chini, akaanza kukunja, moja moja.

Tarehe 4 Machi

Mvua. Mke wangu amelala sebuleni.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Sebuleni tena. Chai yangu nimeikuta mezani asubuhi, sukari kama niipendavyo. Afadhali angeisahau.

Tarehe 6 Machi

Nimemwambia kwamba yale ya simu aliyaelewa vibaya.

"Niliyaelewa," akasema. "Uliongea lugha yetu."

Tarehe 9 Machi

Binti yetu amekuja, amelowa hadi magotini. Yeye hutengeneza meno ya bandia, kazi ya kukaa kimya na vitu vidogo, na pengine ndiyo sababu akija kwetu huongea kwa wote watatu.

"Baba, mama amesema mvua zikiisha anahamia kwangu."

Nilikuwa sijaambiwa. Nikatazama jikoni, mke wangu alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

"Nyumba yangu ina nafasi, sikatai," binti akaendelea. "Lakini sitaki mama aje kwangu kwa hasira. Sasa nisikilize kabla hujakunja uso. Tangu mwezi wa kwanza bima ya afya ya umma inalipia washauri wa ndoa na familia. Zamani ilikuwa madaktari na hospitali tu, mshauri ulimlipa mfukoni mwako, kwa hiyo watu kama nyinyi hawakwenda. Sasa unakwenda na kadi yako ya ustaafu, basi."

"Mimi siumwi."

"Ukingoja kuumwa, mama atakuwa ameshahama."

"Na huyo mshauri ataongea na mama yako kwa lugha gani? Mama yako lugha ya huku haijui."

Binti akakwaruza meza kwa ukucha. "Hilo nimeuliza. Bima inalipia mshauri. Hailipii mkalimani."

Mkalimani ndiye mimi. Kwetu nilikuwa mwalimu wa historia. Huku nilifanya kazi ya ukalimani mahakamani mpaka nilipostaafu. Kila asubuhi niliinua mkono wa kulia nikaapa kwamba sitaongeza wala sitapunguza. Nimewasemea wezi, matapeli, wajane na watu waliovuka mpaka bila karatasi, na hakuna hakimu aliyewahi kulirudisha neno langu.

Sauti ikatoka jikoni: "Si yupo yeye? Amezoea kunisemea."

Tarehe 11 Machi

Nimekutana kwenye ngazi na jirani wa chini, ambaye jengo zima linamwita Fundi Saa. Naye ametoka kwao zamani, kwao kwingine, na mkewe amezikwa hapa.

"Nasikia mnakwenda kutengenezwa," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Ngazi hizi zina masikio kuliko watu. Mimi sicheki, mzee mwenzangu. Nashangaa tu serikali. Ndoa ikigoma, si mnaita wazee wa pande mbili? Wanakuja, wanakula, wanakohoa, wanaondoka. Mnabaki na ugomvi wenu na vyombo vya kuosha. Sasa kuna mtu wa kufanya kazi hiyo bila hata kula, na mhuri juu."

"Wazee wa kuwaita wako wapi?"

Akafikiri, akafuta miwani yake kwa shati. "Kweli," akasema. "Wa kwangu wako wapi, na wa kwako wako wapi."

Nimekwenda na maneno hayo kutwa nzima. Mjomba wangu, mshenga wa ndoa yetu, alikuwa na kawaida moja: akiitwa kusuluhisha hukaa katikati, anyooshe miguu, aombe maji, kisha asiseme kitu mpaka waliogombana waone haya. Alifariki mwaka wetu wa sita huku. Habari niliipata baada ya arobaini kupita. Naona sasa bima itamlipa mtu akae mahali pa mjomba wangu.

Tarehe 12 Machi

Mvua.

Tarehe 16 Machi

Ofisi ya mshauri iko ghorofani, juu ya duka la miwani. Dari linavuja, na ndoo ya plastiki imewekwa mapokezini, kila mtu anaizunguka bila kuitazama.

Karani amechukua kadi zetu. "Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," nikasema. "Tumekuja wawili."

"Naelewa, mzee, lakini bima hailipii ndoa. Inalipia mtu. Lazima mmoja wenu awe mgonjwa, mwingine awe msindikizaji. Nimwandike nani?"

Nikamtafsiria mke wangu, kikamilifu. Sikutaka kujitaja, na nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba atajitaja yeye.

"Mwambie aniandike mimi," akasema. "Si mimi ndiye ugonjwa wa ukoo wenu?"

Nikamwambia karani: "Mwandike mke wangu."

Mshauri ni mama wa makamo mwenye mafua. Aliwahi kuwa muuguzi, nadhani, kwa jinsi alivyotutazama miguu kabla ya uso. Siku ya kwanza ameuliza tu tumeishi wapi, watoto wangapi, nani anapika, nani anafungua barua. Nimetafsiri huku na huku, na nakiri nilijisikia vizuri. Kiti changu kilikuwa katikati yao. Nilikuwa kazini tena.

Tukirudi, mke wangu alitembea mbele, mwavuli wake na wangu mbalimbali.

Tarehe 19 Machi

Mvua. Gereji ya ng'ambo imefurika, mafundi wanachota maji kwa makopo ya rangi huku wakitaniana. Mmoja aliinua kichwa akampungia mkono mke wangu dirishani, naye akampungia. Sikujua kama wanajuana.

Tarehe 23 Machi

Niandike hili kama lilivyotokea.

Ndoo ilikuwa imehamia ndani ya chumba cha mshauri, kwa sababu uvujaji nao umehamia. Mshauri alipiga chafya, akaomba radhi, akasema: "Leo nataka kumsikia mama. Mwambie aseme kilichomleta hapa, kwa maneno yake."

Nikamwambia. Mke wangu akaweka mikono juu ya pochi, akatazama ukuta, akaanza.

"Kilichonileta ni uchovu. Kwa miaka tisa mume wangu anawaambia ndugu zake kwamba mimi ndiye ninayemzuia kurudi. Sijawahi kumzuia. Nilimpa ruhusa. Nilimpigia pasi suti yake, nikamfungia begi kwa mkono wangu, na begi akalifungua mwenyewe, akasema tungoje mwakani. Kwao mimi ndiye mwanamke aliyemteka ndugu yao. Mama yake mzazi alikufa akiniona hivyo. Nami nikifa nitanenwa hivyo na watu ambao sikuwahi kuwakosea. Na aliyewaambia ndiye huyu anayekutafsiria."

Akamaliza. Mshauri akanigeukia, kalamu mkononi.

Nimesimama mbele ya mahakimu wengi. Nimetamka maneno ya muuaji, kwa sauti yangu, mbele ya mama wa marehemu, bila kupunguza hata moja. Leo nilifungua kinywa nikasema hivi: "Anasema amechoka kidogo. Anasema kumekuwa na kutoelewana na ndugu kuhusu safari ya kurudi. Angependa mimi niwe na furaha."

Mshauri akaanza kuandika.

"Hapana," mke wangu akasema. Alisema kwa lugha ya huku. "Hiyo siyo. Mimi nimetoa gunia, yeye amekupa kisahani."

Kisha akayasema yote upya, kwa lugha hiyo hiyo. Aliisema vibaya na kwa kasi, vitenzi vyake havijui jana wala kesho, na katikati mlikuwa na maneno ambayo nimewahi kuyasikia kwa madereva wa malori tu. Mshauri hakuuliza neno hata mara moja. Mahali fulani alicheka, na mke wangu naye akacheka, na mimi niliyekaa katikati ndiye pekee niliyechelewa kuelewa. Hadithi ya begi aliisimulia kwa mikono, akalifunga hewani, akalifungua.

Alipomaliza, mshauri aliniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mtu aliyekaa mahali pa mwingine: "Mzee, kuanzia leo humu ndani wewe si mkalimani. Vuta kiti chako ukae pale. Uwe mume."

Nilivuta kiti. Kilikwaruza sakafu kwa sauti kubwa, na maji yakaendelea kudondoka ndooni.

Tarehe 24 Machi

Nimemsubiri amalize kufagia.

"Tangu lini unaijua?"

"Lugha? Tangu nilipoanza kazi ya kufua pale hospitali. Ulidhani miaka yote hiyo nilikuwa nasemezana na mashuka?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nimekutafsiria kwa daktari. Shuleni kwa mtoto. Benki. Uliniacha nikutafsirie."

Akaegemeza ufagio ukutani, akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya nyumbani mbele yangu kwa wiki tatu.

"Ulikuwa ukirudi mahakamani umejikunja kama mwavuli mbovu, kwa kuwasemea watu siku nzima. Kisha tunakwenda kwa daktari, unasema 'mke wangu anaumwa hapa, anaumwa pale', na mgongo unanyooka. Nikaona, basi, nani atakufa? Kwetu ulikuwa mwalimu. Huku ulikuwa na hilo tu. Nikikunyang'anya na hilo utabaki na nini?" Akachukua ufagio. "Lakini la ndugu zako si la kusemewa, mzee. Lile ni jina langu."

Tarehe 27 Machi

Mvua. Sikusoma chochote.

Tarehe 30 Machi

Nimeomba nimsindikize sokoni. Alinitazama kama nimeomba kupanda paa, kisha akanipa kikapu.

Muuza vitunguu alimwita "mama wa mashuka". Walibishania bei, mke wangu akamwambia kwamba vitunguu vyake vimezeeka kuliko mume wake, akanionyesha kwa kidevu, na genge zima likageuka kunikagua.

"Huyu ndiye mume? Si ulisema hatoki ndani?"

"Hatoki. Leo ameanuliwa."

Wakacheka. Nilisimama na kikapu kama mgeni aliyeletwa. Nilitambua, polepole, kwamba ndivyo nilivyokuwa. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema "huku" kwa maana ya mahali ambapo hatuna mtu. Yeye ana watu. Mwanamke mmoja alimwuliza mguu wake unaendeleaje. Sikuwa najua kwamba mguu unamsumbua.

Njiani nikauliza: "Mguu gani?"

"Wa kushoto," akasema. "Tembea, tutalowa."

Tarehe 2 Aprili

Mvua kubwa, radi. Fundi Saa amepanda juu kwa sababu umeme umekatika na hapendi kukaa gizani peke yake. Tumekaa watatu. Kwa saa nzima mke wangu alimsimulia mambo ya hospitali ambayo sikuwahi kuyasikia. Sijui kama sikusimuliwa au sikusikiliza.

Tarehe 6 Aprili

Kabla ya kuingia nimemwendea karani. Nikamwomba abadilishe: mgonjwa ni mimi, mke wangu ni msindikizaji.

"Si kazi ya kalamu tu, mzee. Mshauri lazima aandike unaumwa nini, la sivyo bima inarudisha karatasi."

"Ataandika. Ataniuliza, nami nitamwambia."

Mshauri hakuniuliza naumwa nini. Aliuliza: "Unatamani kurudi kwenu?"

"Kila siku."

"Nieleze siku utakayofika."

Hilo nalijua kuliko jina langu. Nikamweleza. Basi litanishusha njia panda na nitakataa kupokewa, kwa sababu nataka kutembea. Itakuwa asubuhi, barabara imelowa, matope mekundu yananata viatuni. Nitapita shule niliyofundisha, nitasikia darasa likiitikia kwa pamoja. Lango la nyumbani linalia likisukumwa. Nimemkataza mdogo wangu kulitia mafuta. Atatoka, tutashikana. Ufunguo wa vyumba vya mashariki utakuwa mkononi mwake. Nitaingia, nitafungua dirisha, na jua litaangukia ukutani pale lilipokuwa likiangukia nilipokuwa nasahihisha madaftari. Nitaweka kiganja pale. Ukuta utakuwa na joto.

Niliongea muda mrefu. Nilipomaliza, mshauri alikuwa ameweka kalamu chini.

"Nimeuona ukuta huo," akasema. "Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nitaamka."

"Ndiyo."

"Nitakunywa chai."

"Ndiyo. Halafu?"

"Nitatoka kuwasalimu watu."

"Nani?"

Nikafungua kinywa. Nilianza na mwalimu mwenzangu wa hesabu, nikakumbuka kwamba alifariki. Muuza magazeti, alihamia kwa mwanawe mjini, kisha naye akafariki. Mjomba. Mama. Nilipita mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, nikibisha hodi, na kila mlango uliofunguliwa ulifunguliwa na mtu nisiyemjua, mwenye adabu, aliyeniuliza namtafuta nani.

Nimeiota siku ya kwanza kwa miaka thelathini na moja. Siku ya pili sikuwahi kuiota hata mara moja.

"Sijui," nikasema.

Hakuna aliyesema kitu. Mjomba wangu angeombwa kufanya kazi hiyo asingeifanya vizuri zaidi. Mshauri akapiga chafya, akatafuta kitambaa, hakukipata. Mke wangu akafungua pochi, akampa chake. Mimi hakunitazama. Namshukuru kwa hilo.

Tarehe 7 Aprili

Mvua. Siku nzima kitandani. Si homa.

Tarehe 9 Aprili

Mvua. Mke wangu amesimama mlangoni. "Utakula?" Nikala.

Tarehe 13 Aprili

Kikao. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayasema kama nilivyoyaandaa: kwamba nimeamua kubaki, kwa ajili ya mke wangu, kwa kuwa ana watu wake huku na mguu unamsumbua.

Nilidhani atafurahi. Alisimama.

"Unaona?" akamwambia mshauri, kwa lugha ya huku. Kisha akanigeukia kwa yetu. "Miaka tisa hukurudi kwa sababu yangu. Sasa utabaki kwa sababu yangu. Nikifa utamsingizia nani? Tafuta sababu yako, mzee. Ukibaki kwa ajili yangu nahama leo leo, na mvua hii hii."

Mshauri aliuliza: "Amesema nini?"

Nilimtazama mke wangu. Akaketi. "Mtafsirie," akasema. "Safari hii vizuri."

Nikatafsiri. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipofika kwenye "nikifa utamsingizia nani" nilikohoa, nikalirudia neno kutoka mwanzo, kama tulivyofundishwa kufanya.

Tarehe 17 Aprili

Mvua inapungua. Mabati ya gereji yanasikika kwa vipindi tu.

Nimejaribu kuwaza sababu yangu, yangu mwenyewe. Miaka tisa iliyopita, redio ilipotangaza kwamba mlango umefunguliwa, sikushangilia. Nilizima redio. Akufukuzaye hakwambii toka, na mimi nilikuwa nimejua kuishi na kufukuzwa. Kufukuzwa kulinipa jina, sura, hata heshima. Mtu aliyefukuzwa ana kwao. Mtu anayeweza kurudi asirudi, huyo ana nini? Niliogopa kufika nikakuta kwamba nilichokitamani hakiko kule pia. Kikiwa mbali kilikuwa chote changu, na kila kitu kipo mahali pake. Ili kisiharibike nilimweka mke wangu mlangoni awe mlinzi, na ndugu zangu wakamchukia mlinzi.

Tarehe 20 Aprili

Nimemsomea mke wangu niliyoyaandika juzi. Alikuwa anachambua mchele.

Akasema: "Hiyo ndiyo yako." Baadaye akasema: "Usinisomee mimi. Mpigie mdogo wako."

Tarehe 21 Aprili

Sikupiga.

Tarehe 22 Aprili

Sikupiga. Mvua kidogo alfajiri.

Tarehe 24 Aprili

Binti amekuja na boksi la kuhamishia vitu. Aliliweka mlangoni, na mama yake hakuligusa wala kulitoa. Tumelizunguka kutwa nzima kama tunavyoizunguka ile ndoo.

Tarehe 26 Aprili

Leo nimepiga. Mke wangu alikuwa sebuleni. Nilifungua mlango ili asikie.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mpe kijana vyumba."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Shemeji amekataa kabisa?"

"Si shemeji yako. Hajawahi kukataa. Alinifungia begi, nikalifungua mwenyewe. Ni mimi ninayeogopa kuja, tangu mwanzo. Yeye nilimsingizia."

"Kaka."

"Nisikilize. Nataka uwaambie wote. Waambie na dada. Waambie hivi hivi nilivyokwambia."

Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto niliyemwacha na miaka kumi na saba: "Miaka tisa nimemchukia mke wako bure. Mama amekufa anamchukia bure."

"Ndiyo."

"Na mimi nafagia. Kila mwaka nafagia, nasema labda mwaka huu mwanamke yule atalainika." Akavuta pumzi. "Wewe ni mtu mbaya, kaka."

"Ndiyo."

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baba alikuwa akisema hivyo kila siku. Njoo basi hata utembee. Wiki moja."

"Labda," nikasema, na sote wawili tulijua neno hilo lina uzito gani.

"Nipe shemeji."

Nikampelekea simu. Alijifuta mikono kwanza. Sikusikia upande wa mdogo wangu; nilimsikia yeye tu. "Sijambo, shemeji... Hapana, usilie, mwanamume mzima... Yamekwisha... Hayajaisha, lakini yataisha... Mchumba wa kijana ni mtu wa wapi?... Eh. Mwambie apake ukuta rangi kabla ya kuingia. Nyumba iliyokaa bure ina unyevu... Rangi yoyote. Rangi anayoipenda yeye."

Nilikwenda chumbani nikafunga mlango.

Tarehe 28 Aprili

Leo hakukunyesha. Fundi Saa ameanika blanketi kwenye ngazi, na kila anayepita analaumu.

Mke wangu amelirudisha boksi kwa binti, likiwa na vitunguu ndani. Hahami. Analala sebuleni bado. Nilipouliza, kwa tahadhari, akasema kutohama ni jambo moja na kurudi chumbani ni jambo jingine, na kwamba vikao havijaisha na serikali inalipa, haraka ya nini.

Tarehe 1 Mei

Jua. Mdogo wangu ametuma picha: vyumba vya mashariki, madirisha wazi, kijana wake juu ya ngazi na brashi. Ukuta ule ni wa kijani sasa. Si rangi ambayo ningeichagua. Nimeitazama mpaka skrini ikazimika yenyewe, nikaiwasha, nikaitazama tena, na nitaitazama kesho, kwa kuwa kutamani hakukuisha na mshauri amesema huenda kusiishe, na kwamba bima haidai kuishe.

Harufu ya mvua ya kwetu naikumbuka hivi sasa ninavyoandika, chini ya jua hili la huku, na mke wangu anaita kutoka jikoni kuuliza kama nitamsindikiza sokoni au nimeshalowea kwenye kiti. Nakwenda.

Kwetu sitarudi.